Kuisoma Tabia ya Mtoto kwa Hatua za Ukuaji Wake: Mwongozo kwa Walezi wa Lamu

Katika nyumba nyingi za Lamu mtoto halelewi na mtu mmoja. Yumo mama, yumo bibi, wamo mashangazi na wake wa ami zake, na nje ya daka wapo majirani ambao hawaoni taabu kumkemea mtoto wa mwenzao akikosea. Malezi ya namna hii yana heri kubwa, ila yana kero moja: tendo lile lile la mtoto hupewa majina manne kwa mkupuo. Mtoto wa miaka miwili akijitupa chini sokoni, mama husema amechoka, bibi husema anadeka, ami yake husema hana adabu, na jirani huuliza kama amesomewa, kwa kuwa huenda amepatwa na jicho. Kila mmoja humtendea kwa kufuata jina alilolitoa, huyu kwa peremende, yule kwa kofi, na mtoto mwenyewe hajifunzi lolote isipokuwa kwamba wakubwa hawatabiriki.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma tabia kabla ya kuipa jina. Mtoto hukua kwa pande nyingi kwa wakati mmoja: mwili, lugha, akili, hisia, mahusiano na watu, na imani. Wenye kusomea malezi hulieleza jambo hili kuwa ni ukuaji timilifu, nao husisitiza kwamba upande mmoja hauwezi kutazamwa peke yake. Linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba pande hizo hazikui kwa mwendo mmoja. Miguu hutangulia busara, masikio hutangulia ulimi, kumbukumbu hutangulia ufahamu, na baadaye mwili hutangulia akili ya utu uzima. Tabia nyingi zinazowaudhi wakubwa huzaliwa katika nafasi iliyo kati ya upande uliotangulia na ule uliobaki nyuma, na mlezi anayeijua nafasi hiyo hujua pia pa kumsaidia mtoto.

Kutazama kabla ya kuhukumu

Chagua tabia moja tu inayokusumbua, kisha itazame kwa siku kadhaa bila kubadilisha kitu. Andika mambo manne kwenye daftari, au hata nyuma ya kalenda: ilikuwa saa ngapi, ni jambo gani lililotangulia, mtoto alifanya nini hasa, na ni nini kilichofuata. Kiandike kitendo kama kilivyo. "Alimpiga mdogo wake mkononi baada ya kunyang'anywa gari" ni maelezo yanayofaa. "Alifanya ukorofi" ni hukumu, na hukumu haimwonyeshi mtu chanzo. Jambo la nne ndilo ambalo wengi huliruka, nalo mara nyingi ndilo lenye siri. Mtoto aliyepiga makelele akapewa simu ili anyamaze amefundishwa kwamba makelele huleta simu, na kesho atayapiga tena kwa kuwa somo limemwingia.

Baada ya hapo anza na mwili. Njaa, homa, minyoo, sikio linalouma na uhaba wa usingizi huvaa sura ya ukaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza saa 11 hadi 14 za usingizi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 4, usingizi wa mchana ukiwemo. Katika mwezi wa Ramadhani, mji unapokesha na watoto wakawa njiani hadi usiku mkubwa, hesabu hiyo huvurugika karibu katika kila nyumba, na si haki kumlaumu mtoto kwa kisirani cha asubuhi yake.

Umri unaotajwa katika hatua zinazofuata ni wa kukadiria, na una nafasi pana. Utafiti wa shirika hilo hilo uliochapishwa mwaka 2006, ambao ulifuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulionyesha kwamba watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe popote kati ya miezi 8 na 18 hivi. Kwa hiyo anayesimama dede akiwa na miezi 11 na binamu yake anayekimbia kwa umri huo huo wote wawili wako sawa, na mashindano ya mama zao hayana msingi.

Mwaka wa kwanza

Mtoto mchanga hana njia ya kusema ila kulia, na anapolia hamjaribu mtu. Wazee hupenda kukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ina mahali pake, lakini mahali pake si kwa mtoto wa miezi minne, ambaye hana uwezo wa kupanga hila. Mwanasaikolojia Erik Erikson (1902–1994), aliyeyagawa maisha ya mwanadamu katika hatua nane, aliona kwamba kazi kuu ya mwaka wa kwanza ni mtoto kujenga imani kwa wanaomlea: analia, anajiwa, anatulizwa, na hilo likirudiwa kila siku anaamini kwamba dunia ina mtu wake. Kumbeba hakumharibu.

Tabia inayowashangaza wengi hutokea kwenye miezi 8 hadi 10. Mtoto aliyekuwa akichukuliwa na kila mtu huanza kumlilia mama akitoka chumbani tu, na hukataa mikono ya watu. Baba aliyekaa baharini majuma kadhaa hurejea akapokewa kwa kilio na mwanawe mwenyewe, na ndugu wakacheka. Akili ya mtoto imepiga hatua: sasa anajua kwamba kitu kisichoonekana bado kipo, na kwamba nyuso zinatofautiana. Anajua mama yupo mahali fulani, ila hajui atarudi lini. Mary Ainsworth (1913–1999), ambaye katikati ya miaka ya 1950 aliwatazama akina mama na watoto wao katika vijiji vya Uganda, alieleza jinsi mtoto wa umri huu anavyomfanya mama kuwa kituo chake: hutambaa mbali kuchunguza, hugeuka kumtazama, hurudi kumgusa, kisha huenda tena.

Baba anayerudi kutoka safari na akae karibu na mama bila kumnyakua mtoto, amwache aje mwenyewe, huja. Mama anayetoka kwenda kazini na aage kwa maneno machache, kisha aende. Kumtoroka mtoto kupitia mlango wa nyuma, kwa kudhani ni kumpunguzia uchungu, humfundisha kwamba mama aweza kutoweka wakati wowote, na ndiyo maana mtoto anayetorokwa humshika mama nguo kutwa nzima.

Kati ya mwaka mmoja na mitatu

Hatua hii ndiyo inayochosha kuliko zote, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Chukua nyumba ya mawe yenye ngazi za vipandio virefu. Mama ameshika kapu la sokoni. Mtoto wa miaka miwili na nusu amefika kipandio cha pili, kiganja kimoja amekibandika kwenye chokaa ya ukuta, mguu ameuinua mpaka goti limekaribia kidevu. Bibi, kwa huruma, anamnyakua na kumfikisha juu. Mtoto anapiga ukelele, anajinyonga mikononi, anajitupa sakafuni, kisha anateremka kwa makalio kipandio kwa kipandio hadi chini kabisa ili aanze upya. Bibi anaona mjukuu hana shukrani. Kwa mtoto, kazi aliyoikusudia na kuifikisha nusu imenyang'anywa, na maneno ya kusema "niache nipande mwenyewe" hayajafika ulimini.

Nafasi mbili zimekutana hapo. Ya kwanza ni ya lugha: kwa umri huu mtoto huelewa mengi mno kuliko anayoweza kuyatamka, kwa kuwa wengi huanza kuunganisha maneno mawili mawili wanapokaribia miaka miwili, na hayo hayatoshi kueleza dhulma. Ya pili ni ya nia na uwezo. Erikson alisema mtoto wa hatua hii hushindana kati ya kujitegemea na kuona haya: akiachwa ajaribu hupata uthabiti, akizuiwa au kuchekwa kila mara hubaki na shaka juu yake mwenyewe. "Sitaki" yake na "mimi mwenyewe" yake ni alama kwamba nafsi yake imeanza kujitenga na ya mama.

Mtoto anapojigaragaza, kwanza mweke mahali pasipo hatari, hasa mbali na ngazi na njia ya punda. Kaa chini usawa wake. Sema maneno machache yanayotaja alilonalo: "Umekasirika. Ulitaka kupanda mwenyewe." Kisha nyamaza na usubiri, kwa sababu mtoto aliyezidiwa na hasira hasikii hoja, na hotuba ya wakati huo ni kelele juu ya kelele. Ikiwa alichokikosa ni haki yake, kama ile ngazi, mrudishie. Ikiwa ni kitu kilichokataliwa kwa sababu nzuri, kisirudishwe hata kama kilio kimewafikia watu barazani, na hapa ndipo methali ya mchelea mwana kulia ilipo mahali pake. Macho ya majirani ni mtihani mkubwa kuliko kilio chenyewe. Akina mama wengi husalimu amri kwa ajili ya wapita njia, si kwa ajili ya mtoto.

Vita vingi huepukika kabla havijaanza. Mpe uchaguzi wa vitu viwili ambavyo vyote wewe umeviridhia: kanzu nyeupe au ya buluu, maji kwanza au mkate kwanza. Ongeza muda. Mtoto anayepewa dakika za ziada kuvaa ndara zake mwenyewe hugoma mara chache kuliko anayevalishwa kwa haraka.

Kuna nafasi ya tatu, na hii ni ya hatari. Miguu ya mtoto wa miaka miwili humfikisha ukutani mwa bahari kabla mamaye hajageuka, lakini sehemu ya ubongo inayozuia tendo ndiyo kwanza imeanza kukua. Ameambiwa mara kumi asisogee gatini, na aweza hata kukariri, "Usiende, utaanguka," huku akienda. Hajakaidi. Amri imo masikioni, breki hazimo mwilini. Kwa umri huu mkono wa mlezi na komeo la mlango ndio ulinzi, na mtu mzima anayetegemea onyo peke yake karibu na maji yanayojaa anamtwika mtoto mzigo usio wake. Hali ni hiyo hiyo katika vichochoro punda anapopita na shehena ya mawe: mvute mtoto ukutani kwanza, umweleze baadaye.

Kuuma wenziwe na kukataa kugawana vitu huangukia pia hapa. Watoto wa miaka miwili hucheza kando kwa kando zaidi kuliko kucheza pamoja, na maana ya "chako" huja baada ya maana ya "changu" kukomaa. Mpe neno badala ya meno: "Sema, nipe." Hakuna haja ya kumuuma naye ili ajue uchungu, desturi ambayo kwa maoni yangu humfunza tu kwamba wakubwa nao huuma.

Miaka mitatu hadi sita

Ulimi sasa umefunguka, na maswali hayana mwisho. Kinachokimbia mbele katika hatua hii ni mawazo ya kubuni na kumbukumbu; kinachobaki nyuma ni uwezo wa kupambanua na kuelewa. Mtoto aliyekuwa halali na taa huanza kuogopa giza, paa, kivuli cha nguo iliyotundikwa. Akili inayoweza kubuni jahazi kwa kifuu cha nazi ndiyo hiyo hiyo inayobuni zimwi chini ya kitanda. Wakubwa huiona hofu hiyo wakaifanya chombo cha kazi: "Nyamaza, zimwi laja", "Nitamwita polisi", "Daktari atakudunga sindano." Ni njia nyepesi, nayo hulipwa kwa bei ghali. Mtoto aliyetishwa kwa daktari hushikwa na watu watatu akipelekwa kutibiwa kidonda, na aliyetishwa kwa polisi hatamkaribia polisi siku akipotea kwenye umati wa Maulidi.

Uongo wa kwanza nao huja hapa. Maziwa yamemwagika, kikombe kimelala ubavu, na mtoto wa miaka minne anatamka kwa uso mkavu kwamba ni paka. Katika mji wenye paka wengi kama huu, uongo huo una akili. Karibu na miaka minne mtoto hugundua kwamba kilichomo kichwani mwake si lazima kiwemo kichwani mwa mamaye. Kabla ya hapo uwezo wake wa kudanganya ni mdogo. Basi usimwite mwongo, na usimtegee swali ambalo jibu lake unalijua. Badala ya kuuliza nani amemwaga, sema, "Maziwa yamemwagika, lete kitambaa tupanguse." Anayepata njia ya kutengeneza alichoharibu hana haja kubwa ya kumsingizia paka.

Jean Piaget (1896–1980), mtaalamu wa Uswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri, alionyesha kasoro nyingine ya umri huu ambayo kila mlezi aweza kuijaribu mezani. Mimina sharubati ya ukwaju sawasawa katika bilauri mbili zinazofanana, kisha mbele ya macho ya mtoto imimine moja katika bilauri nyembamba na ndefu. Mtoto wa miaka minne au mitano atasema ndefu ina nyingi zaidi, na atalia kwa sababu ndugu yake amependelewa. Si uroho. Anahukumu kwa kimo tu, hajaweza kuchukua kimo na upana kwa pamoja; uwezo huo huja karibu na miaka saba. Hakuna maelezo yatakayomridhisha leo. Nunua bilauri za aina moja, na ugomvi wa kila futari utakuwa umekwisha.

Nafasi ninayoiona muhimu kuliko zote katika miaka hii ni ile iliyo kati ya kuhifadhi na kufahamu, kwa kuwa mji wetu unauheshimu sana uhifadhi. Mtoto wa miaka mitano aweza kusoma kwa moyo sura fupi kadhaa za Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Qurani, kwa sauti nzuri na matamshi safi, mpaka babu akafuta machozi. Ni neema, na umri huu unaufaa uhifadhi wa mahadhi na marudio. Kosa huanza pale ambapo wakubwa huchukua ufasaha huo kuwa kipimo cha utu mzima wake wote. Anayesoma vizuri vile huulizwa, "Na bado unampiga mdogo wako?" Naam, bado. Ahadi yake ya "sitarudia tena" ameihifadhi vile vile alivyohifadhi mengine, nayo itahitaji miaka kabla ya kumzuia mkono. Mwonyeshe palepale la kufanya, kwa kitendo, na ulirudie bila kuchoka.

Kwa mpangilio wa elimu wa Kenya, mtoto huanza elimu ya awali akiwa na miaka 4 na kuingia Gredi ya 1 akiwa na miaka 6, na wengi wetu huongeza chuo cha Qurani juu ya hayo. Kukaa kitako kwa muda mrefu ni kazi ya mwili kabla ya kuwa kazi ya adabu. Anayefurukuta mkekani baada ya muda mfupi hana budi kupewa nafasi ya kusimama, kuteka maji, kumpelekea mwalimu kitabu, kisha arudi.

Jambo moja la nyumbani linastahili nafasi yake. Mama akijifungua, hukaa ndani siku arobaini pamoja na mtoto mchanga, na mkubwa wa miaka mitatu au minne huhamishiwa kitanda cha bibi. Baada ya siku chache aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anakojoa tena, anaongea kitoto, anataka kunyonya, na anambusu mdogo wake kwa nguvu za kutosha kumliza. Kurudi nyuma huku ni kawaida: hisia zimezidiwa, na mtoto hurejea umri ambao alikuwa na mama peke yake. Kumwambia "wewe sasa mkubwa" huongeza jeraha. Mpangie muda wake wa kila siku kitandani kwa mama, mchanga akiwa mikononi mwa mtu mwingine, hata kama ni robo saa, na mpe kazi ndogo ya kuleta kanga au poda. Mara nyingi mambo hutulia yenyewe. Na kuhusu kukojoa kitandani kwa jumla, takriban mtoto mmoja katika kila saba wa miaka 5 bado hukojoa usiku, kwa hiyo kumwita kikojozi mbele ya wenzake ni kumwadhibu kwa jambo linalotendeka akiwa usingizini.

Umri wa shule na chuo

Karibu na miaka saba mtoto hubadilika waziwazi. Meno ya utotoni yanang'oka, hoja zinaanza kushikamana, na haki inakuwa dini yake ya pili: katika mdako au mpira wa ufukweni, nusu ya muda hupita katika kubishania sheria. Mabishano hayo ni masomo, na mtu mzima asiyaingilie ila pakiwa na kuumizana. Si bure kwamba mafunzo ya Kiislamu yameuweka umri wa miaka saba kuwa wakati wa kuanza kumwamrisha mtoto sala. Sasa anaweza kushika utaratibu na kuelewa kwamba jambo hufanywa kwa sababu.

Erikson aliliona swali la hatua hii kuwa hili: je, mimi ninaweza kazi, au sifai? Mtoto hulijibu kwa kujilinganisha, na walezi humsaidia kulijibu vibaya wanapomtajia binamu anayeshika namba moja. Mtafutie kazi ya kweli ambayo matokeo yake yanaonekana: kwenda dukani na kurudi na chenji sahihi, kumshikia baba kamba mashua ikitia nanga, kukanda unga wa mahamri. Aliyeanguka hesabu lakini anategemewa nyumbani kwa jambo moja hakati tamaa upesi.

Tabia inayolalamikiwa sana katika umri huu ni ya alasiri. Mwalimu anasema mtoto ni mtulivu, chuoni anasifiwa, lakini akifika nyumbani anabamiza mlango na kulia kwa sababu ndara moja haionekani. Amejizuia tangu asubuhi, na pumzi ya kujizuia imemwishia mahali anapojiona salama. Mpe chakula, mwache kimya nusu saa, ndipo uulize habari za shule. Tofauti na huyo ni yule anayechafua darasa kila somo la kusoma linapofika. Kabla ya kumwita mtukutu, mpime macho na masikio, kisha mwombe mwalimu amtazame kama herufi zinamchanganya, kwa maana watoto wengi huona afadhali kuitwa watundu kuliko wajinga.

Kubaleghe

Mabadiliko ya mwili huanza kati ya miaka 8 na 13 kwa wasichana, na kati ya 9 na 14 kwa wavulana. Hapa nafasi kati ya pande hufikia upana wake mkubwa zaidi. Mwili ni wa mtu mzima au wakaribia, ilhali sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa mpaka kwenye miaka ya ishirini na kitu. Jamii hutazama mwili ikatoa hukumu mbili zinazopingana: msichana aliyevunja ungo akiwa na miaka 11 hufungiwa milango kama kwamba amekuwa mwanamke, na mvulana aliyeota ndevu akiwa na miaka 14 hufunguliwa milango yote kama kwamba amekuwa mwanamume. Wote wawili bado wanahitaji mtu wa kuwauliza walikokuwa.

Usingizi wa kijana pia huhama. Mwili wa kijana huchelewa kutoa dalili za usingizi, kwa hiyo kuchelewa kuamka si uvivu mtupu, ijapokuwa simu chini ya mto huongeza tatizo. Akiwa na wenzake huthubutu yale ambayo peke yake asingeyathubutu, na kwa kuwa dawa za kulevya zimeingia miji yetu ya pwani, kuwajua marafiki zake kwa majina na kwa wazazi ni sehemu ya malezi. Mazungumzo mazito yafanywe bega kwa bega, mkitembea kuelekea kijiji cha Shela au mkivua, ambapo macho hayakutani. Kumkemea barazani mbele ya rika lake ni kumfunga mdomo. Msichana naye aelezwe habari za hedhi na mama, shangazi au somo wake, yaani kungwi wake, kabla haijamjia, si baada ya kuogopa.

Kuhusu kiboko

Atakayesoma yote haya atauliza habari ya samaki anayekunjwa angali mbichi. Samaki mbichi hukunjwa kwa sababu ni laini, na anayetumia nguvu humvunja. Sheria ya Kenya nayo iko wazi: Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto ulinzi dhidi ya ukatili na adhabu isiyo ya kiutu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni. Tatizo la kiboko kwa mtazamo wa mwongozo huu ni kwamba huzima dalili bila kugusa chanzo. Mtoto aliyechapwa kwa kukosa neno bado hana neno.

Wakati wa kutafuta msaada

Hatua za ukuaji zina upana, lakini upana huo una mipaka. Mpeleke mtoto kliniki ikiwa hakai kitako bila kuegemezwa afikapo miezi 9, haitikii jina lake afikapo mwaka mmoja, hana neno lolote wala hatembei afikapo miezi 18, au ikiwa, kwa umri wowote, anapoteza uwezo aliokwisha kuupata, kama vile maneno aliyokuwa akiyasema. Jambo hili la mwisho lisisubiri hata kidogo. Kifafa na kutosikia vizuri hutibika au kusaidiwa, na kisomo cha maalim hakizuiwi na tiba ya hospitali. Mambo haya mawili yaweza kwenda pamoja.

Mabadiliko ya ghafla kwa mtoto aliyekuwa salama yana uzito wake mwenyewe. Akianza kumkimbia mtu fulani, kukataa nyumba fulani au chuo fulani, kukojoa tena kitandani bila kuwapo mtoto mchanga nyumbani, au kujua mambo ya kikubwa yasiyo ya umri wake, msikilize faraghani, usimkatize, na umwamini kwanza. Nambari 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo kutoka popote nchini Kenya.

Uendapo kliniki, chukua kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambacho kina ukurasa wa hatua za ukuaji pamoja na rekodi ya chanjo, na uchukue lile daftari la mambo manne. Mhudumu atakuuliza tabia ilianza lini, hutokea wakati gani, na nini huitangulia. Aliyeandika hujibu kwa tarehe. Ikiwa bibi ndiye anayeshinda na mtoto mchana kutwa, bibi naye aende, kwa kuwa ameyaona ambayo mama, akiwa kazini, hakuyaona.